Kustiri na Kugeuza: Samadi, Najisi na Utwahara wa Udongo

Miongoni mwa maswali ambayo fiqhi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, imeyajadili kwa karne nyingi bila kuyafunga, limo moja ambalo kwa juu laonekana kuwa la choo na zizi, ilhali ndani yake limebeba suala zito la falsafa. Kitu kilichohukumiwa kuwa najisi kikioza, kikachanganyika na ardhi na kugeuka udongo, je, kilichopo sasa ni kile kile cha mwanzo kilichofichika, au ni kitu kingine kabisa ambacho hukumu ya zamani haikihusu? Mkulima anayemwaga samadi shambani hulijibu swali hilo kwa jembe kila msimu, ajue asijue, kwa kuwa chakula atakachovuna na kukiweka mbele ya wanawe kitakuwa kimejengwa, kwa sehemu yake, na kitu ambacho lau kingeigusa kanzu yake asingeweza kuswali nayo mpaka aifue.

Swali hili lina uzito wa pekee katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako Waislamu walio wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, na ambako kitabu cha Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kimesomeshwa kwa vizazi vingi na kutegemewa na makadhi. Wamaliki na Wahanbali huona kwamba kinyesi na mkojo wa mnyama anayeliwa nyama yake, kama ng'ombe, mbuzi na ngamia, ni twahara, na mojawapo ya hoja zao ni kwamba Mtume Muhammad aliswali katika mazizi ya kondoo kabla msikiti wake haujajengwa. Washafii hawakubali. Kwao kinyesi chote, kiwe cha mtu, cha ng'ombe au cha njiwa, ni najisi ya dhati, maana yake ni kwamba uchafu umo katika kitu chenyewe na wala haukukijia kutoka nje. Nguo iliyodondokewa na mkojo ni kitu safi kilichopatwa na najisi, na ikifuliwa hurudia hali yake ya asili. Mkojo wenyewe hauna hali ya asili ya usafi ya kuurudia, na kwa hiyo hakuna maji yawezayo kuutwahirisha.

Kutokana na msingi huo, wanazuoni wa Kishafii waliifungulia najisi ya dhati milango michache sana ya kutokea. Pombe ikigeuka siki yenyewe, bila kutiwa kitu, huwa twahara; ngozi ya mzoga, isipokuwa ya mbwa na nguruwe, ikishatiwa dawa kali zinazoondoa uozo wake, huwa twahara. Zaidi ya hapo walikuwa wazito wa kuongeza. Kinyesi kilichochomwa kikawa majivu kilibaki kwao kuwa najisi katika umbo la majivu, na samadi iliyokaa miaka ardhini ikafanana na udongo ilibaki kuwa najisi iliyofanana na udongo. Ukali huu usidharauliwe kana kwamba ni ushupavu wa watu wasioijua ardhi, kwa sababu unatokana na hoja iliyofikiriwa: ikiwa umbo likibadilika hukumu nayo hubadilika, basi kila mwenye hila ataweza kukipaka haramu rangi mpya na kukipa jina jipya, na sheria itabaki kuhukumu maganda badala ya viini.

Hata hivyo, wanazuoni hao hao hawakuzuia kilimo cha samadi. Waliruhusu ardhi itiwe samadi, ingawa waliona kuwa si jambo la kupendeza, na Nawawi, katika sherehe yake kubwa ya fiqhi iitwayo al-Majmu, ameeleza kwamba mmea ulioota juu ya samadi si najisi kwa dhati yake. Shina au jani lililogusana na samadi limepatwa na najisi kwa nje na likioshwa linasafika, na punje iliyojitunga ndani ya suke ni twahara bila hata ya kuoshwa. Hapa ndipo penye fundo la mjadala wote. Mwanachuoni anayekataa kwamba kinyesi chaweza kuwa udongo safi anakubali, hatua mbili mbele, kwamba kutoka katika shamba lenye kinyesi hicho hutoka punje safi. Katika zama zake hoja hii haikuwa na mgongano, kwa sababu mmea ulidhaniwa kuwa hukua kutokana na mbegu yake, na samadi ilichukuliwa kuwa msaidizi anayeupa nguvu kutoka kando. Leo inajulikana kwamba naitrojeni iliyokuwa ndani ya kinyesi ndiyo hiyo hiyo inayoingia mizizini na kuwa protini ya punje. Kwa hiyo aliyeihukumu punje kuwa twahara ameshakubali, pengine bila kukusudia, kwamba njiani pametokea mgeuko.

Wapo walioiona hatari ya kukubali hivyo mapema. Ibn Qudama, mwanachuoni mkubwa wa Kihanbali aliyefariki mwaka 1223, ameeleza katika kitabu chake al-Mughni kwamba mazao yaliyonyweshwa au kulishwa najisi ni haramu mpaka yanyweshwe maji safi, kwa kuyalinganisha na mnyama aliyezoea kula uchafu, ambaye nyama na maziwa yake yamekatazwa katika Hadithi mpaka afungiwe na kulishwa chakula safi kwa muda. Imepokewa pia kwamba baadhi ya Masahaba, walipokodisha ardhi, waliweka sharti kwamba isitiwe kinyesi cha watu. Na mkabala wake imepokewa habari ya Saad bin Abi Waqqas, Sahaba na jemadari maarufu, kwamba alikuwa akibeba kinyesi kwa mikono yake hadi shambani kwake, akihesabu kwamba kipimo cha uchafu hulipa kipimo cha ngano. Habari hizi mbili zikisomwa pamoja zinaonyesha kwamba utata haukuzuka vitabuni. Ulikuwepo tangu kizazi cha kwanza, baina ya watu wa imani moja walioitazama ardhi ile ile.

Msimamo ulio kinyume na wa Washafii unaitwa istihala, nayo ni nadharia isemayo kwamba kitu kikigeuka dhati yake hata sifa zake za kwanza zikatoweka, hukumu iliyofungamana na sifa hizo huondoka nazo. Mtetezi wake wa mwanzo katika madhehebu ya Kihanafi ni Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, aliyefariki mwaka 805, ambaye katika jambo hili alitofautiana na mwenzake Abu Yusuf. Mfano uliozoeleka katika vitabu vyao ni wa punda aliyetumbukia katika machimbo ya chumvi, akafa, akakaa mpaka mwili wake wote ukawa chumvi, na wao wanasema kwamba aionjaye chumvi ile ameonja chumvi tu. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alikwenda mbali zaidi kuliko wote. Kwake hukumu za Mungu zimefungwa katika majina, na majina yamefungwa katika sifa, kwa hiyo kinyesi au mzoga ukichomwa au kubadilika ukawa majivu au udongo, kilichopo ni majivu au udongo, vyote ni twahara, na mtu anaruhusiwa kutayamamu kwa udongo huo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, naye aliunga mkono istihala kwa nguvu, akiona kwamba vitu vyote vya duniani vimepita katika migeuko, na kwamba hakuna sababu ya kuukubali mgeuko wa pombe kuwa siki na kuikataa mingine.

Suala la kutayamamu linastahili kutuliwa kidogo, kwa maana ndilo linaloonyesha jinsi udongo ulivyo na cheo cha ajabu katika dini hii. Asiyepata maji hujitwahirisha kwa udongo. Chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo huwa kwa udongo. Udongo, basi, unahesabiwa kuwa chombo cha kuondolea uchafu, na hauhitaji shahidi wa usafi wake, kwa kuwa kanuni ya fiqhi ni kwamba asili ya vitu ni utwahara mpaka kithibiti kinyume chake. Lakini udongo wa juu wenye rutuba, ule mweusi wa msituni ambao mkulima huutamani, umetokana na nini? Umetokana na mawe yaliyosagika pamoja na majani yaliyooza, wadudu waliokufa, mizoga ya ndege na wanyama, na kinyesi cha kila kiumbe kilichopita hapo tangu kale. Kwa kuuchukulia kuwa twahara bila kuuliza, fiqhi imeukubali mgeuko wa miaka elfu nyingi kwa kunyamaza, na ukali wake umebaki juu ya mgeuko wa miezi michache ambao macho ya watu yameushuhudia. Pengine tofauti ya kweli baina ya makundi mawili haiko katika kuukubali mgeuko wenyewe. Iko katika kuuliza ni muda gani na ni dalili gani zitoshe kuuthibitisha.

Jambo hilo linajitokeza wazi mahali ambapo wasomaji wengi hawakutarajia kulikuta, yaani katika mlango wa maji. Nawawi anaeleza mwanzoni mwa Minhaj kwamba maji yaliyofikia kulla mbili, kiasi kinachokadiriwa leo kuwa lita 200 na ushei, hayawi najisi kwa kuingiwa na uchafu mpaka yabadilike ladha, rangi au harufu. Yakibadilika, kisha mabadiliko hayo yakaondoka yenyewe au kwa kuongezwa maji, yanarudi kuwa twahara. Ila ikiwa harufu imeondoka kwa kutiwa miski, au rangi kwa zafarani, hayawi twahara; na kadhalika, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, yakitiwa udongo au chokaa. Sababu ya kuukataa udongo hapa ni shaka ya haki kabisa: haijulikani kama udongo umeiondoa ile harufu au umeifunika tu. Baina ya kuondoa na kustiri, wanazuoni waliona kwamba kustiri hakutoshi.

Tofauti hiyo ya kustiri na kugeuza ndiyo zawadi kubwa ambayo fiqhi inaweza kuipa elimu ya kilimo, na inastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko hukumu zenyewe za nani kasema halali na nani kasema haramu. Mkulima anayetoa kinyesi kibichi zizini na kukifukia kwa udongo wa vidole vinne amekistiri. Amonia inayotoka humo huunguza miche. Mayai ya minyoo ya tumbo yamo yakisubiri. Mbegu za magugu alizokula ng'ombe zimo zikiwa hai. Anayejenga biwi la mboji, akapanga mabua makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, akalinyeshea na kuligeuzageuza ili hewa iingie, ameanzisha kazi nyingine kabisa. Katika siku chache bakteria wanaokula vitu hivyo hupandisha joto la biwi hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi, joto ambalo likidumu na kufika kila upande huua vijidudu vingi vya maradhi na mbegu za magugu. Kisha biwi hupoa, kuvu na minyoo ya ardhini huingia, sehemu kubwa ya kaboni huondoka kama hewa, rundo hunywea, na naitrojeni iliyokuwa ikipotea kwa harufu ya amonia hufungwa ndani ya miili ya vijidudu na ndani ya mboji. Mwishoni hakuna harufu ya kinyesi, hakuna rangi yake, hakuna umbo lake, na hapakutiwa miski.

Sayansi, kama Washafii, haikubali mgeuko kwa kuutazama kwa juu. Mayai ya minyoo aina ya askaris ni magumu mno kufa, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 inataka kinyesi kikavu cha watu katika nchi za joto kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kutumiwa shambani, iwapo hakikupitia joto kali. Tena yapo mambo yasiyogeuka kabisa. Risasi, kadimi na metali nyingine nzito zinazopatikana katika tope la majitaka ya viwandani hazioziki. Hupita katika biwi kama zilivyoingia, hujilimbikiza ardhini, na kutoka huko huingia katika mboga. Chembe za plastiki nazo hubaki plastiki. Hapa yule mwanachuoni mkali aliyesema kwamba dhati ya uchafu yaweza kubaki ingawa umbo limebadilika anathibitishwa na maabara, na yule mwenye moyo mwepesi wa kuiita kila taka iliyofanana na udongo kuwa ni mboji amekosea katika dini yake na katika kilimo chake.

Lakini mjadala huu ungebaki nusu kama usingemgeukia mshindani mkubwa wa samadi, ambaye ni mbolea ya chumvichumvi itokayo kiwandani. Mwaka 1828 mkemia wa Kijerumani Friedrich Wöhler alitengeneza urea, kitu kinachopatikana ndani ya mkojo, bila ya figo za mtu wala mnyama. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha namna ya kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni ili kupata amonia, Carl Bosch akaikuza njia hiyo kufikia kiwango cha kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kazi. Kutokana na amonia hiyo hutengenezwa urea ya leo, punje nyeupe zenye naitrojeni asilimia 46, na hukadiriwa kwamba karibu nusu ya wanadamu walio hai wanakula kutokana na naitrojeni iliyopita katika njia hiyo. Kwa fiqhi, urea ya kiwandani ni twahara bila ubishi, na mkojo wa ng'ombe, kwa Mshafii, ni najisi. Ilhali urea iliyomo katika viwili hivyo ni kitu kimoja, chembe kwa chembe, na mzizi wa mhindi hauna uwezo wa kuipambanua asili yake. Watetezi wa kilimo hai wanaosema kwamba mmea hupata chakula cha hadhi nyingine kutoka katika samadi wanasema jambo lisilo na ushahidi. Naitreti ni naitreti.

Hoja ya samadi haihitaji madai hayo, kwa kuwa tofauti haiko katika kile kinachouingia mmea. Iko katika kile kinachobaki ardhini baada ya mmea kula. Rothamsted, nchini Uingereza, katika shamba liitwalo Broadbalk ambalo John Lawes, aliyekuwa yeye mwenyewe mtengenezaji wa mbolea ya kiwandani, alianza kulijaribia ngano mwaka 1843, kipo kiwanja kilichotiwa samadi tani 35 kwa hekta takriban kila mwaka, na vipo vingine vilivyotiwa madini matupu. Kwa muda mrefu mavuno ya viwanja vilivyolishwa vizuri kwa madini yalilingana na ya kile cha samadi; lakini mboji katika udongo wa kiwanja cha samadi imeongezeka hadi kupita maradufu. Mboji hiyo hushika maji, huushikanisha udongo usichukuliwe na mvua, hulisha viumbe vya ardhini, na katika udongo mwekundu uliochakaa wa nchi nyingi za Afrika, ambao wenyewe una uwezo mdogo wa kushikilia virutubisho, ndiyo ghala lenye kuvihifadhi. Anayetafuta haki aseme pia kwamba kiwanja hicho cha samadi hupoteza naitreti nyingi kwenda katika maji ya chini, kwa hiyo wingi wa kitu cha asili si kinga dhidi ya uharibifu.

Huko Kabete, karibu na Nairobi, majaribio ya muda mrefu ya mahindi na maharage yalianza mwaka 1976, na matokeo yake yanautaka kila upande upunguze sauti. Mavuno bora yalipatikana palipounganishwa samadi na mbolea ya kiwandani, na kaboni ya udongo ilizidi kupungua hata palipotiwa samadi, ingawa kwa mwendo wa pole. Uhaba nao ni wa kweli. Mfuko mmoja wa kilo 50 za urea una kilo 23 za naitrojeni, na ili kuzipata katika samadi kavu yenye naitrojeni ya asilimia 1 hadi 2 zinahitajika tani 1 hadi 2 na ushei, ambazo nazo hazitoi naitrojeni yote kwa msimu mmoja. Mwenye ng'ombe mmoja na ekari tatu hawezi kuambiwa kwamba dini au maumbile yanamtaka aache urea, na mwandishi yeyote amwambiaye hivyo akiwa ameshiba amemdhulumu.

Pamoja na hayo, kipimo cha kustiri na kugeuza kinaigusa urea kama kinavyoligusa zizi. Shamba lililochoka, ambalo mboji yake imekwisha, likitiwa urea mvua inaponyesha, hunawiri kwa rangi ya kijani iliyokolea, na rangi hiyo ni kweli kwa mmea na ni pazia kwa udongo. Mwaka hadi mwaka naitrojeni hutiwa, kaboni hairudishwi, asidi inayozalishwa urea inapogeuzwa kuwa naitreti huongezeka, na dalili ambayo ingemwonya mwenye shamba imeondolewa na kitu kisichoondoa ugonjwa. Ndivyo miski inavyofanya ndani ya maji yaliyoharibika. Kosa haliko katika miski, ambayo ni twahara na ina thamani yake. Liko katika kuichukulia kuwa ushahidi wa utwahara. Mbolea ya kiwandani ikitiwa juu ya ardhi inayorudishiwa mabaki yake ni lishe; ikitiwa badala ya kurudisha ni sitara, na mwanafalsafa anayeulizwa ipi kati ya samadi na urea ni njema ana haki ya kukataa swali hilo mpaka aonyeshwe udongo.

Justus von Liebig, mkemia ambaye kitabu chake cha mwaka 1840 kiliuimarisha msimamo kwamba mimea hulishwa na madini, na ambaye kwa hiyo huhesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wa mbolea ya kisasa, aliishia kuwa miongoni mwa waliosikitika zaidi kuona miji ikimwaga rutuba ya mashamba mitoni. Aliitazama London ikijenga mabomba ya kupeleka kinyesi cha watu wake baharini, na akaikumbuka Roma ambayo, kwa maoni yake, mifereji yake ya majitaka ilimeza ustawi wa wakulima. Jambo hilo kwa lugha ya fiqhi ni israfu, yaani kukifuja kitu chenye manufaa, nayo imekatazwa hata katika maji ya udhu kwa mtu aliyekaa kando ya mto. Katika majiji ya Afrika Mashariki israfu hiyo ina sura ya kusikitisha zaidi, kwa sababu sehemu kubwa kuliko zote ya takataka zinazopelekwa Dandora, Nairobi, au Pugu, Dar es Salaam, ni maganda ya ndizi, majani ya kabichi, makumbi, mabaki ya ugali na wali. Hivi ni vitu ambavyo hakuna madhehebu hata moja yaliyoviita najisi. Vinarundikwa pasipo hewa, vinatoa gesi ya methani, navyo vilitoka katika mashamba ya Kilimanjaro, Lushoto, Kisii na Meru ambayo hayatarudishiwa chochote. Watu wa pwani ya Oman, waliokuwa wakiitilia mitende yao dagaa wakavu, walikuwa na mbolea ya kiumbe mfu isiyo na utata wowote wa kisheria, kwa kuwa samaki aliyekufa ni twahara. Ardhi ingelishwa sana kabla ya mjadala wa najisi kulazimika kuanza.

Unapolazimika, unalazimika katika vyoo. Katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, kampuni ya Sanergy ilikuwa ikikusanya kinyesi kutoka katika vyoo visivyo na mabomba ya majitaka, kikalishwa mabuu ya inzi, mabuu yakawa chakula cha mifugo na mabaki yakawa mbolea ya mashambani. Mgeuko hapa ni wa tabaka mbili: kinyesi kimekuwa mwili wa mdudu, mdudu amekuwa nyama ya kuku. Lipo jambo la kutegemewa katika kuliangalia hili: mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia, waliokuwa wa mrengo wa Kihanbali, lilikubali kwamba majitaka yaliyosafishwa mpaka yakapotewa na ladha, rangi na harufu ya uchafu huwa twahara hata kwa udhu, ingawa lilitahadharisha kuyanywa kwa ajili ya afya, na lilifikia hukumu hiyo baada ya kusikiliza maelezo ya wataalamu wa usafishaji wenyewe. Haukuwa ushindi wa wepesi dhidi ya ukali. Ni utaratibu wa kuuliza kama uchafu umeondoka au umefunikwa, na kumuuliza anayejua.

Biashara ya samadi imekwisha kuutumia utaratibu kama huo kwa njia yake. Kwa Washafii kitu najisi hakiuziki, maana sharti la bidhaa ni utwahara, lakini wanazuoni wao wa baadaye waliona kwamba mwenye zizi ana ikhtisasi, yaani haki ya kuwatangulia wengine katika kukitumia kilicho chake hata kama hakimiliki kisheria, na wakaruhusu ainue mkono wake juu ya samadi kwa malipo. Pesa hutolewa, gunia hubebwa, na kisheria hakuna kilichouzwa isipokuwa kuachiwa nafasi. Mtu anaweza kuiona njia hiyo kuwa ni mzunguko tu. Ukweli ni kwamba inakiri mambo mawili kwa pamoja, kwamba kitu hiki bado hakijawa safi, na kwamba tayari kina thamani kwa sababu ya kile kinachoelekea kuwa. Samadi ndani ya gunia imo njiani. Sheria inayojua kukitaja kitu kilicho njiani ina hekima kuliko ile inayojua mwanzo na mwisho tu.

Linalobaki ni kuuliza ni nani ashuhudie kwamba safari hiyo imekwisha. Fiqhi ina desturi ya kurejea kwa watu wa ujuzi: thamani ya ngamia huulizwa kwa wafugaji, na maradhi yanayozuia maji kwa mgonjwa huulizwa kwa tabibu. Ibn al-Awwam wa Sevilla, aliyeandika kitabu chake cha kilimo kuelekea mwisho wa karne ya 12, alikusanya maelezo marefu ya namna samadi za aina mbalimbali zinavyopaswa kukaa na kuiva kabla ya kutiwa shambani, na ujuzi wa namna hiyo, pamoja na kipimajoto ndani ya biwi na kipimo cha metali maabara, ndio ushahidi ambao mufti wa leo anauhitaji kabla hajatamka kwamba dhati imegeuka. Nao unamlazimu mkulima vile vile, kwa kuwa anayeuza mboji ambayo haijaiva kwa jina la mboji iliyoiva ametoa ushahidi wa uongo juu ya chakula cha watu, na neno lake sokoni lina uzito ule ule wa neno la shahidi mbele ya kadhi.